Pizza au tambi? Namna ya kuchagua kwenye mgahawa wa Kiitaliano wa mtaani Dodoma

Dodoma ya sasa ina migahawa ambayo zamani ungeifuata Masaki, Dar es Salaam, au Arusha. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mitaa kama Area D, Kisasa na Ilazo imepata sehemu za kukaa jioni: meza za mbao, taa hafifu, muziki unaoacha watu wazungumze, na menyu inayoanza na bruschetta (mkate uliobanikwa wenye nyanya juu) ikaishia kwenye tiramisu. Hapo unamkuta mtumishi wa wizara aliyetoka Mji wa Serikali wa Mtumba na kitambulisho bado kiko shingoni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaochangishana pizza moja, na familia iliyotoka misa ya jioni. Wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, piga simu kwanza, maana bila hivyo utasimama mlangoni ukitazama wenzio wakila.

Ukishakaa, unaletewa menyu yenye kurasa mbili za pizza na mbili za tambi, bei zinakaribiana, majina magumu, na mhudumu amesimama na kalamu. Watu wengi huishia kutaja jina wanalolijua. Mimi nina njia yangu ya kuamua, na nimeona inafaa karibu kila mahali: naangalia dakika. Chakula hiki kitatumia muda gani kutoka motoni hadi mdomoni kwangu? Pizza na tambi zote mbili ni chakula cha haraka ya kweli. Zikishatoka motoni zina muda mfupi wa kuwa tamu, kisha zinaanza kuharibika zikiwa mbele yako. Ukilishika hilo, utajua cha kuagiza leo, cha kuacha, cha kubeba nyumbani, na cha kupika mwenyewe.

Kwanza tazama tanuri

Kabla hujafungua menyu, tupa jicho jikoni. Kama kuna tanuri la matofali linalowaka kuni, na moto unauona, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Pizza ya Napoli, ambayo ndiyo wengi wa hawa wapishi wetu wanaiiga, ina kanuni zilizoandikwa. Umoja wa Ulaya ulizisajili mwaka 2010: kipenyo kisizidi sentimita 35, ukingo wa sentimita moja hadi mbili, tanuri la kuni lenye joto la takriban nyuzi 485 za sentigredi, na pizza ikae humo sekunde 60 hadi 90 tu. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa waokaji pizza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hizo sekunde 90 zina sababu. Joto kali kiasi hicho huumua ukingo ghafla kabla maji ya kwenye unga hayajakauka, kwa hiyo nje panababuka na ndani panabaki laini na unyevu. Oveni ya kawaida ya umeme au gesi inaishia nyuzi 250 hivi, wakati mwingine 300. Humo pizza inahitaji dakika nane, kumi, hata zaidi, na kwa muda wote huo unga unakauka. Unapata pizza nyembamba, kavu, inayovunjika. Wapo wanaoipenda hivyo na sina ugomvi nao, ila wajue wamekula chakula kingine, na wasikubali kukilipia bei ya tanuri la kuni.

Tanuri la matofali halipati moto mara moja. Linahitaji saa kadhaa za kuni mpaka matofali yenyewe yashibe joto. Migahawa mingi ya hapa huwasha mchana kwa ajili ya wateja wa jioni. Ukienda saa saba mchana, uliza:

"Dada, tanuri limeshapata moto?"

"Bado, kaka. Ndiyo tumewasha sasa hivi. Pizza labda kuanzia saa kumi na moja."

Mhudumu akikujibu hivyo, mshukuru kwa moyo na uagize tambi. Kakuokoa. Akikuambia "ipo, ipo" huku tanuri halina hata moshi, pizza yako itatoka kwenye oveni ndogo ya nyuma.

Ukipata nafasi, kaa karibu na kaunta umwangalie mwokaji. Kijana mmoja niliyemwangalia mwezi wa tisa, ule upepo mkavu wa Dodoma ukivuma mpaka mapazia yanapepea, alikuwa amefunika madonge yake kwa kitambaa kibichi, na kila baada ya muda anakinyunyizia maji. Hewa ya hapa kiangazi hunyonya unyevu wa unga ukiwa umekaa tu. Donge lililoachwa wazi linafanya ngozi juu na haliumuki tena vizuri. Akachukua donge moja, akalikandamiza kwa ncha za vidole kuanzia katikati kwenda nje, akiacha ukingo bila kuugusa. Hakutumia mpini wa kusukumia chapati. Mpini ungefukuza hewa yote iliyojengeka kwenye ukingo wakati unga umelala. Kijiko kimoja cha nyanya, akakizungusha kutoka katikati. Jibini aliichana kwa mkono, vipande vinne vitano vikubwa, akaacha nafasi kati yake. Ikaingia, akaigeuza mara mbili kwa koleo refu la chuma, ikatoka na madoa meusi ukingoni.

Hayo madoa ndiyo yanayowafanya wateja wengi wairudishe wakidhani imeungua. Tafadhali usiirudishe. Madoa madogo meusi kwenye ukingo uliovimba ni dalili kwamba joto lilikuwa sawasawa. Iliyoungua utaijua chini: inua kipande, kama chini kote ni kweusi, hapo una haki ya kulalamika.

Jambo la pili ni usingizi wa unga. Kanuni za Napoli zinataka unga uumuke saa nyingi, na wapishi wengi hulaza hadi kesho yake. Muulize mhudumu kama unga umelala tangu jana. Unga uliokandwa asubuhi kwa hamira nyingi ili uwahi mchana unaweza kukuacha na tumbo zito. Ung'ate ukingo peke yake, bila mchuzi wala jibini. Ukikuta matundu makubwa yasiyolingana na ladha inayokaribia uchachu kidogo, umefika mahali pazuri.

Na uanze na Margherita. Najua menyu ina pizza yenye kuku, nyama, hoho, mahindi, uyoga na vitunguu vyote pamoja, na inaonekana ndiyo yenye thamani ya fedha. Lakini vitu vingi vinatoa maji, maji yanakaa katikati, na sekunde 90 hazitoshi kuyakausha. Katikati inakuwa uji. Nyanya, jibini, majani ya rehani na mafuta ya zeituni vinatosha kukuonyesha kama mwokaji anajua kazi. Akifaulu hapo, wiki ijayo mwongezee uyoga.

Tambi hazisubiri mtu

Upande wa tambi kipimo si tanuri, ni sufuria na mpishi mwenye subira ya kupika oda yako wakati umeagiza, si kabla.

Tambi kavu nzuri hutengenezwa kwa ngano ngumu, ile ya punje za njano zenye protini nyingi. Tangu mwaka 1967 sheria ya Italia inataka tambi kavu zitoke kwenye ngano hiyo. Tambi za bei nafuu za unga wa ngano laini zinalegea haraka na kuachia wanga mpaka maji yanakuwa kama gundi. Kwenye sahani utaitambua tofauti: za ngano ngumu zinateleza zikiachana, za ngano laini zinashikana kifungu kimoja unachokiinua chote kwa uma.

Hapa Dodoma kuna jambo ambalo mpishi aliyetoka pwani hulijifunza akifika. Tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji yanachemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Pakiti ikisema dakika tisa, jikoni kwetu inaweza kufika kumi au kumi na moja. Mpishi mzuri haiamini pakiti. Anatoa uzi mmoja, anauuma, anaangalia katikati yake kama bado kuna kijidoa cheupe chembamba. Kikiwa kinakaribia kwisha, anaziondoa majini na kuzimalizia kwenye kikaango pamoja na mchuzi.

Wengi wetu tumekua na tambi za futari, zilizokaangwa kwa mafuta na sukari, zikatiwa iliki, zikaiva mpaka zikawa laini kabisa. Ni chakula ninachokipenda sana. Kwa ulimi uliozoea hizo, tambi za Kiitaliano zinaonekana hazijaiva. Zipe nafasi. Ule ukinzani mdogo kwenye jino ndio unaokufanya utafune, na ukitafuna ndipo unapata ladha ya ngano yenyewe na mchuzi ulionata juu yake. Kama hutaki kabisa, mwambie mhudumu mapema ziongezewe dakika mbili. Hakuna dhambi hapo, na ni bora kuliko kurudisha sahani.

Sasa angalia sahani inapofika. Kama tambi ziko nyeupe chini na mchuzi umerundikwa juu, jiko hilo limechemsha tambi tangu mchana na kuzipasha moto tu. Tambi zilizopikwa kwa ajili yako zinakuja zimeshavaa mchuzi kote, zinang'aa, kwa sababu zilimaliziwa kikaangoni na kijiko cha yale maji zilizochemkia; wanga wa maji hayo ndio unaoufunga mchuzi na mafuta vikawa kitu kimoja. Saa pia itakuambia ukweli. Sahani iliyofika dakika nne baada ya kuagiza haikuanza na tambi mbichi. Kusubiri kwako ni dakika kumi na tano, na hizo ndizo unazozilipia.

Kati ya michuzi, kwa Dodoma mimi naweka ragu mbele ya yote. Mapishi ya ragu ya Bologna yaliwekwa kwenye chemba ya biashara ya mji huo tarehe 17 Oktoba 1982: nyama ya ng'ombe, pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe), kitunguu, karoti, figili ya majani, nyanya kidogo, divai, maziwa, moto mdogo kwa saa kadhaa. Huo ndio mchuzi usiogombana na saa. Kadiri ulivyokaa jikoni ndivyo unavyonoga. Na nyama ya kanda hii ni nyama kweli. Ng'ombe wa Kongwa, Chamwino na Bahi wametembea, wamekula majani ya nyika, nyama yao ina ladha lakini ni ngumu. Ukiichoma inataka meno ya ujana. Ukiichemsha saa tatu kwa moto mdogo, ugumu wote unageuka kuwa utamu. Mgahawa unaopika ragu yake yenyewe kwa nyama ya buchani hapa hapa, badala ya nyama ya kusaga iliyokaangwa na nyanya ya kopo kwa dakika ishirini, uheshimu na uurudie.

Wa pili ni mchuzi wa Catania, Sicily, uitwao Norma: biringanya za kukaanga, nyanya, rehani na jibini kavu ya chumvi. Biringanya zetu ziko sokoni Majengo karibu mwaka mzima na hazina cha kuwaonea wivu za Sicily. Arrabbiata, yenye pilipili na kitunguu saumu, itamfaa anayesema chakula cha Kizungu hakina ladha.

Carbonara inahitaji uangalifu. Kwa asili ni mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe, bila krimu hata tone. Migahawa mingi hapa hutia krimu kwa sababu mayai yanaganda mpishi akikosea sekunde chache. Uliza. Kama ni ya krimu, chagua kitu kingine.

Na tambi za kamba na ngisi? Bahari iko kama kilomita 450 kutoka hapa kwa barabara. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024 imefupisha safari ya abiria, lakini kamba na ngisi wengi wanafika Dodoma wakiwa wamegandishwa. Sioni sababu ya kuagiza chakula cha baharini nikiwa katikati ya nchi ya ng'ombe, labda kama mwenye mgahawa mwenyewe amekuambia mzigo umeingia leo.

Kuhusu nyanya, usimdharau mpishi anayefungua kopo kwa ajili ya mchuzi. Napoli kwenyewe wanafanya hivyo. Nyanya za kopo huvunwa zikiwa zimeiva kabisa na ladha haibadiliki mwaka mzima. Nyanya mbichi za Ilula zinazopanda kwa barabara ya Iringa kupitia Mtera zipeleke kwenye bruschetta na saladi, ambako ubichi wake unaonekana. Jibini ndiyo inayotofautisha mgahawa na mgahawa. Njombe kulianzishwa kiwanda cha maziwa kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia, kilichotengeneza jibini ya Kiitaliano hapa hapa nchini. Mgahawa unaokuambia bila kusita jibini yake imetoka wapi, mara nyingi na mambo mengine umeyafikiria.

Umeongozana na nani

Kwa Waitaliano pizza ni ya mtu mmoja, kila mtu na yake. Sisi tunakula pamoja, na pizza imekubali desturi yetu bila shida: inakatwa vipande sita au nane, inawekwa katikati, mikono inanawa, kazi inaanza. Mkiwa watu wanne au zaidi, agizeni pizza mbili tofauti na sahani moja ya tambi ya kuonja. Agizeni pizza moja baada ya nyingine, si zote kwa pamoja, maana ya pili itapoa mkiwa bado mnaila ya kwanza. Mkiwa wawili mnaotaka kuongea kwa utulivu, tambi zinafaa zaidi. Zinakufanya ule polepole na hakuna wa kukata.

Ukimleta mama au mzee aliyekuja kutoka Mpwapwa au Kondoa kutembelea wajukuu, mwagizie pizza. Anaila kwa mkono, kama alivyozoea kula, na hakuna anayemtazama. Uma wa kuzungushia spageti unaweza kumfanya mtu mzima mwenye heshima zake ajione mgeni mezani kwa mwanawe, na hakuna sababu ya kumweka hapo. Akitaka kitu cha mchuzi, penne (tambi fupi) na ragu; zinachoteka kirahisi. Watoto vilevile: tambi fupi, na shati litarudi nyumbani safi.

Kwa Waislamu, tambi zina mitego mingi kuliko pizza. Kwenye pizza nguruwe anaonekana: salami, prosciutto, bekoni, unaviona na kuvikwepa, ingawa visu na ubao ni vilevile, kwa hiyo uliza kama mgahawa unapika nguruwe kabisa. Kwenye tambi anajificha. Ragu nyingi huanza na kipande cha pancetta, na divai humiminwa ndani yake. Risotto, wali wa Kiitaliano, pia hutiwa divai. Tiramisu inaweza kuwa na pombe. Usione haya kuuliza vitu hivyo kimoja kimoja. Mgahawa wa mtaani Dodoma wenye wateja wa dini zote unapaswa kuwa na majibu tayari, na mingine siku hizi imeondoa nguruwe kwenye menyu yote.

Ijumaa za Kwaresima, Margherita na Norma zinatosha. Anayekwepa maziwa, iwe ni kwa mfungo au kwa tumbo, aombe Marinara: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta, haina jibini na ni pizza kongwe kuliko Margherita. Mwenye tumbo linalosumbuliwa na maziwa mabichi anaweza kujaribu Parmigiano juu ya tambi; jibini hiyo hukomazwa miezi 12 kwa uchache, na sukari ya maziwa inakuwa imekwisha karibu yote.

Kukaa au kubeba

Hapa sina pande mbili. Tambi usibebe. Ndani ya kopo lililofungwa zinaendelea kujiivisha kwa mvuke wake zenyewe, zinanyonya mchuzi wote, na ukifika Nzuguni unafungua bonge kavu lenye rangi ya nyanya. Ukitaka kubeba kitu cha tambi, beba lasagna. Imeshaokwa, imeshatulia, na ukiipasha kesho inakuwa tamu pengine kuliko jana.

Pizza inabebeka kwa robo saa. Baada ya hapo mvuke ndani ya boksi umeshalainisha chini. Mwambie anayefunga aache kifuniko wazi kidogo, na kama inaenda kwa bodaboda, mwambie dereva aibebe ikiwa imelala bapa; nimeona maboksi yakibanwa wima kati ya magoti, na jibini yote inahamia upande mmoja. Nyumbani usiitie kwenye maikrowevu. Weka kikaango kikavu jikoni, moto wa wastani, laza kipande humo, funika dakika tatu. Chini panakauka tena, jibini inayeyuka.

Glasi ya kando

Huu ndio ubora wa Dodoma ambao Dar haina. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, Bihawana, katikati ya karne iliyopita, na leo mashamba ya Hombolo, Mpunguzi, Mbabala na Makutupora yanavuna mara mbili kwa mwaka. Hombolo wanapanda hata Aglianico, zabibu nyekundu ya kusini mwa Italia, mkoa uleule wa Napoli. Kwa hiyo unaweza kula pizza ya Napoli na kunywa zabibu ya jirani zake iliyolimwa Dodoma hii hii. Mgahawa wa Kiitaliano ulioko Dodoma ukikupa orodha ya mvinyo wa Afrika Kusini peke yake, ulizia wa hapa kwa sauti ya kusikika.

Tofauti ya pizza na tambi inaonekana pia kwenye glasi. Ragu na jibini iliyokomaa vinataka mvinyo mwekundu mkavu. Margherita, Norma na chochote chenye nyanya nyingi huenda vizuri na mvinyo mweupe wa Chenin Blanc uliopoa. Mvinyo mtamu, ambao ndio unaouzwa sana mitaani, uache. Sukari yake na uchachu wa nyanya havielewani, vyote viwili vinageuka kuwa vikali mdomoni. Taja neno "mkavu" unapoagiza. Asiyekunywa pombe achukue juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi. Uchachu wake unakata mafuta ya jibini kuliko soda yoyote.

Fedha

Kwenye menyu pizza na tambi zinakaribiana bei, lakini havikugharimu sawa kuvipata kwingine. Tambi za kitunguu saumu na mafuta, au za nyanya na pilipili, unaweza kuzipika nyumbani kwako Ipagala kwa nusu saa, kwa pakiti nzuri ya ngano ngumu kutoka duka kubwa la mjini, na zikakaribia sana za mgahawani. Kuzilipia bei ya pizza ni hasara. Tanuri la nyuzi 485 huna, wala hutakuwa nalo. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya sahani moja tu mwezi huu, na tanuri linawaka, kula pizza. Tambi za mgahawani zilipie pale zinapokuwa na kazi usiyoweza kuifanya: ragu ya saa tatu, au tambi mbichi za mayai zilizokandwa na kukatwa siku hiyohiyo.

Angalia pia kama bei ya menyu imejumuisha VAT ya asilimia 18. Sehemu nyingi imejumuishwa, chache wanaiongeza mwishoni, na kwenye meza ya watu sita hiyo ni pizza nzima. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Na kama mmebaki na nafasi ya kitamu, agizeni tiramisu moja na vijiko viwili badala ya moja kwa kila mtu: ni ya mayai, krimu ya jibini na kahawa, na baada ya pizza nzima hakuna anayeimaliza peke yake.